Gari Safi la Kwenda Ukweni

Mwezi uliopita nilitoka Nairobi kwenda Kisumu kumpeleka Baba kwa daktari wa macho. Nilipofika Ahero, kwenye barabara ile iliyonyooka katikati ya mashamba ya mpunga, nikakanyaga breki nyuma ya lori na mguu wangu ukaendelea kwenda. Haukwenda mbali. Ulizama kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga godoro, kisha gari likasimama. Lakini, rafiki yangu, mtu aliyekulia na pedali niliyokulia nayo mimi hangoji izame tena. Jasho lilinitoka mgongoni, nikawasha taa za tahadhari, nikaingia Kisumu kwa mwendo wa mkokoteni huku kila mwenye honi akinipigia.

Kijana wa gereji alinipokea kwa adabu zote. Alifungua boneti, akachungulia, akasema mabomba ya breki yameingiwa na upepo na dawa yake ni kuutoa. Mimi nikavua viatu, tayari kwa kazi, nikamwuliza nianze kukanyaga saa ngapi. Akanitazama kwa huruma.

"Madam, siku hizi hatukanyagi. Kuna mashine ya kuvuta. Wewe kaa hapo kwa kiti, tukimaliza tutakuita."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki na viatu vyangu mkononi, nikashikwa na hasira ambayo mwanzoni hata mimi sikuielewa. Waliniletea soda ikapata joto bila kunywewa. Sehemu kubwa ya utoto wangu niliipoteza nikiwa nimekanyaga pedali ya breki, na kumbe kazi yenyewe ingefanywa na kidude kidogo kuliko jiko la makaa. Hebu nikueleze, halafu uniambie kama hasira yangu haikuwa na haki.

Ilikuwa miaka ya tisini, na tulikuwa tukiishi Kaloleni ya Kisumu, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji zenye paa za kushikana na uwanja mmoja wa kuanikia nguo na kugombania. Baba alikuwa karani katika mashamba ya mpunga ya Ahero. Alikuwa na gari dogo la kijani, lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo, alilolinunua likiwa limechoka na likatuchosha na sisi. Milango yake ilifungwa kwa kuinuliwa kwanza. Dirisha la nyuma lilishikiliwa na bisibisi, na ole wako uichomoe bisibisi hiyo kuchezea. Ndani lilinuka petroli, unga wa mahindi na mipira iliyopigwa na jua, na mpaka leo nikinusa harufu hiyo mahali popote nasikia njaa, kwa sababu safari zetu zote ziliishia kwenye chakula.

Safari yenyewe ilikuwa moja tu, nayo ni ya kwenda kwa mama yake Mama. Baba ni Mjaluo wa tambarare za Kano, lakini Mama ni Mmaragoli, na kwao ni juu mlimani. Ukitoka Kisumu unapita Kondele, unapita Mamboleo, halafu barabara inaanza kupanda, inapanda tu, mpaka Kiboswa na kuendelea. Huko juu kulikuwa na ubaridi, chai yenye maziwa mengi, ndizi za kuchemsha na mrenda, na Nyanya ameketi mlangoni akisikiliza kama ni gari letu linakuja. Nasema akisikiliza kwa sababu alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akabaki kutofautisha mwanga na kivuli. Alitutambua kwa kutushika vichwa, na kila mara alituambia tumekonda.

Sasa mwaka huo tukapata habari kwamba daktari wa macho kutoka mbali angekuja hospitalini Kisumu, afanye upasuaji kwa siku chache kisha aende zake, na haikujulikana kama angerudi tena. Jina la Nyanya likaandikishwa. Mama alifurahi mpaka akawa anaimba akikaanga dagaa wa omena, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. Shida ilikuwa kumteremsha. Nyanya alikuwa ameanguka jikoni akaumia nyonga, hakuweza kuketi amekunjwa katikati ya abiria. Ilibidi alazwe kiti cha nyuma, amenyoosha mguu, na gari lenye kiti cha namna hiyo tulilokuwa nalo ni lile la kijani.

Na lile la kijani, Jumapili moja tukitoka kwa Nyanya, likaamua kutokuwa na breki.

Tulikuwa tumepita Kiboswa tunateremka. Baba alikuwa anazungumza habari za mchele, akanyamaza katikati ya neno. Nikaona goti lake linapanda na kushuka haraka haraka. Akarudisha gia, injini ikalia, akavuta breki ya mkono, gari likanuka kuungua. Mama aliyekuwa ameshika kuku wa Nyanya mapajani akaanza kuomba kwa Kimaragoli, na kuku naye akaanza yake. Tuliishia karibu na Mamboleo, ndani ya rundo la mchanga wa mtu aliyekuwa akijenga. Hakuna aliyeumia. Mama alishuka, akajipangusa, akampa Baba kuku, na maneno aliyosema aliyasema polepole.

"Mama yangu haingii hii gari. Siwezi kumtoa kule juu na macho yake, nimlete hapa nimmalizie kwa mlima. Tengeneza breki, ama tafuta gari ingine."

Gari jingine tungelitoa wapi? Basi Baba akaanza kutengeneza breki.

Asubuhi iliyofuata fundi alikuja na mfuko wake wa spana. Alikuwa mtu mrefu mwembamba aliyefanya kazi zake ukingoni mwa soko la Kibuye, na alipenda kuvua shati kabla hata ya kuambiwa shida ni nini. Akaketi kwenye usukani, akakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia. Akakanyaga tena, akatutazama.

"Mzee, hii breki haina shida."

"Jana ilizama," Baba akasema.

"Hii? Hii huwezi hata kuizamisha na mguu mbili."

Hapo ndipo wazimu wetu ulipoanzia. Gari lile lilikuwa na breki nzuri kila mahali isipokuwa mahali breki inapohitajika. Uwanjani ilikuwa ngumu. Barabara ya Ahero, ambayo ni tambarare mwanzo mpaka mwisho, Baba alikwenda na kurudi juma zima bila tatizo. Jumapili tukipanda kwa Nyanya, salama. Tukianza kuteremka tu, pedali inalegea kidogo kidogo, na tukifika Mamboleo imelala sakafuni. Mara ya pili Baba alikuwa ameshajihadhari, akateremka kwa gia ya kwanza, huku punda wanatupita. Kesho yake fundi anakuja, anakanyaga, ngumu. Ungedhani gari linamdhihaki Baba mbele za watu.

Jirani yetu, mzee aliyewahi kuendesha treni, alihamisha kiti chake kabisa kikaja kukaa karibu na gari. Alikuwa na maoni. Treni, alisema, haina mambo ya mafuta, treni inafunga kwa upepo, na ikifunga imefunga. Alilisema hilo kila siku kana kwamba Baba angeweza kubadilisha lile gari likawa treni. Mama alimletea chai ili mdomo wake upate kazi nyingine, akanywa chai na akaendelea kusema.

Fundi akaamua ni upepo umeingia kwenye mabomba. Na kutoa upepo, enzi hizo, kulihitaji watu wawili: wa chini ya gari na wa kwenye pedali. Wa chini alikuwa fundi. Wa kwenye pedali alipaswa kuwa Baba, lakini Baba alikuwa na jukumu la kushika chupa ya mafuta ya breki, kumimina, na kuwa na wasiwasi. Basi nikaitwa mimi, mtoto wa kike mwenye miguu mirefu, nikitolewa kwenye kamba niliyokuwa nikiruka na wenzangu.

Nitakueleza kazi ilivyo. Unaketi ukingoni mwa kiti, unashika usukani ili upate nguvu. Fundi amelala chini kwenye gurudumu la nyuma, ametia mpira mwembamba kwenye kinati kidogo, na ncha ya pili ya mpira imo kwenye chupa. Anapiga kelele, "Pampu," nawe unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia, mpaka pedali ijae. Halafu anasema, "Shika." Unakanyaga kwa nguvu zako zote na kujibu, "Nimeshika." Hapo anafungua kinati, mafuta yanatoka yakitoa mapovu, na pedali inazama chini ya mguu wako, nawe unaifuata mpaka chini. Na hapo, chochote kitakachotokea, huachii. Nzi akitua puani, huachii. Wenzako wakikuita, huachii. Mpaka fundi afunge kinati na aseme mwenyewe, "Achilia." Ukiachia mapema, upepo wote unarudi ndani na kazi inaanza upya.

"Ukiachilia kabla sijasema," fundi aliniambia siku ya kwanza, "tutalala hapa mimi na wewe mpaka Krismasi."

Basi nikashika. Nilishika mguu ukitetemeka, jua la Kisumu likichoma bati la gari, harufu ya omena ikitoka jikoni, na huko nje nikisikia kamba inapiga ardhi na wenzangu wakihesabu. Kutoka gurudumu la mbali zaidi hadi la karibu, kisha tena, kwa sababu Baba hakuridhika. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata. Nilikuja kuota naambiwa shika. Mwalimu wangu alipoamuru darasani tushike kalamu, nilijibu kwa sauti kwamba nimeshika, nikachekwa mpaka mapumziko.

Kila wiki palikuwa na sababu mpya. Kwanza ilikuwa upepo. Halafu ikawa raba za ndani ya silinda, zikabadilishwa. Halafu ikawa ni mafuta, na hapo nikadhani tumefika, maana mafuta yaliyotoka kwenye mpira hayakuwa ya kawaida. Yalipaswa kuwa mang'avu, lakini yalitoka yamechafuka, rangi ya chai iliyotiwa maziwa machache. Fundi aliyainua kwenye mwanga.

"Huyu mtu wa duka amekuuzia maji," alisema.

Baba akatia chupa kwenye gazeti, akaenda Kibuye kumkabili muuzaji. Nilikwenda naye. Muuzaji alikuwa mama mnene aliyeuza vipuri vya mtumba juu ya gunia, naye hakutishika. Alimfungulia Baba chupa nyingine mbele yake, akaimimina kidogo kiganjani, akamwonyesha. Ilikuwa safi kabisa. "Baba, mafuta yangu iko sawa," akasema. "Uliza gari yako inakunywa nini." Baba aliondoka pale amekasirika, akanunua kwa mtu mwingine. Ijumaa fundi akayamwaga yote ya zamani, akatia mapya, nami nikashika na kuachilia mpaka yakatoka mang'avu kama yalivyoingia. Tukasema sasa basi. Jumapili, mteremkoni, pedali ikalala sakafuni. Tukafungua tena siku ya kazi: chai ya maziwa.

Mama wakati huo alikuwa haimbi tena. Siku ya daktari ilikuwa inakaribia, na kila Jumapili Nyanya alikuwa ameshafunga kitambaa chake na nguo zake za kubadilisha, ameketi mlangoni tayari, na kila Jumapili tulimwacha hapo hapo. Hakulalamika. Aliuliza tu kama ni wiki ijayo. Mama alimwambia ndiyo, wiki ijayo, kisha akawa hasemi na Baba njia nzima.

Kuna jambo ambalo nimelipita makusudi, nalo ni la Jumamosi. Jumamosi ilikuwa siku ya kuosha gari.

Lazima uelewe kwamba kwetu Wajaluo mama mkwe ni maro, na maro si mtu wa kuzoeana naye. Mkwe mwema hafiki kwa maro ovyo ovyo. Anavaa koti, anainamisha macho, hakai anapotaka. Baba, ambaye nyumbani alizunguka na fulana iliyotoboka, alipokwenda mlimani alifunga tai mpaka shingo ikajaa. Na gari nalo, kwa maoni yake, lilikuwa sehemu ya mavazi. Lilirudi kutoka Ahero kila wiki limepakwa udongo mweusi wa Kano mpaka madirishani. Kupeleka uchafu ule kwa maro ingekuwa ni matusi.

Kwa hiyo Jumamosi alasiri tuliteremka ziwani. Magari ya Kisumu yote yalikuwa huko. Ulikuwa unaliingiza gari lako majini kabisa, mpaka maji yafike chini ya milango, unalizima, unavua viatu, unaanza. Ninakuambia kweli, hakuna raha niliyopata iliyoipita ile. Nyuma yetu wanawake walikuwa wakikaanga samaki, redio za magari zinashindana, na mimi nimesimama majini nasugua magurudumu kwa brashi na mchanga unanitekenya chini ya vidole. Baba akifika hapo alisahau breki, alisahau ofisi. Alipiga mluzi. Akimaliza bodi alifungua boneti, akachota maji ya ziwa kwa ndoo na kuyarusha juu ya injini, ndoo baada ya ndoo, mpaka moshi unapanda. Alisema injini nayo ina uso wake, na mtu akifungua boneti asikute aibu. Sijui alidhani ni nani angeifungua kwa maro.

Jumamosi ya mwisho kabla ya siku ya daktari tulikwenda ziwani na ziwa halikuwepo. Gugumaji lilikuwa limeingia usiku, likafunika kila kitu, kijani kitupu mpaka macho yanapofika, na juu yake ndege wanatembea kama wako shambani. Unakumbuka mwaka lile gugu lilipokuja. Wavuvi walikuwa wamesimama tu, mikono mifukoni. Baba alijaribu kuingiza gari, magurudumu yakateleza kwenye majani na matope, tukasukumwa na wavuvi hao hao, tukatoka tukiwa wachafu kuliko tulivyoingia. Nyumbani akaomba maji. Mfereji wa Kaloleni ulikuwa umekauka tangu juzi yake, na pipa la Mama lilikuwa nusu.

"Ya kupika ni hayo," Mama akasema. "Kama unataka kuoshea gari, utakula hiyo gari."

Baba hakulala vizuri. Sio kwa sababu ya breki, ambayo fundi alikuwa ameijaza mafuta mapya jana yake kama kawaida. Ni kwa sababu ya udongo. Jumapili tulipanda mlima na gari lililofanana na boma la ng'ombe, na Baba na tai yake alikuwa ameinama juu ya usukani kama mtu anayejificha.

Tulipofika, Mama alimwambia Baba mpango wake. Mimi na yeye tungebaki kwa Nyanya. Baba angeteremka peke yake mpaka Mamboleo na kurudi. Pedali ikizama, Nyanya hatoki, na mambo ya macho yameisha. Ikishika, tunaondoka naye mara moja kabla shetani wa gari hajaamka. Baba hakubishana, akaenda.

Sisi tukangoja. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni na kitambaa chake na furushi lake miguuni. Kulikuwa na ngoma za watu wa kanisa la jirani wakipita na mavazi meupe, zikaja, zikaenda. Nyanya akauliza baba wa watoto ameenda wapi. Mama akamwambia ameenda kuangalia barabara. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya rundo la mchanga, kwa sababu siku ile nilikuwa ndani ya gari na niliona kinachotokea, lakini sasa nilisikia tu ukimya wa ule mteremko. Mama alikuwa akichambua mboga ambazo hatungekula. Ndipo Nyanya akainua kichwa, kabla yetu sote, akasema, "Hilo ni lake."

Baba alishuka akiwa na uso ambao sikuujua. "Haijazama," alisema. "Nimekanyaga makusudi, kila kona. Haijazama hata kidogo."

Mama hakumwamini. Aliingia mwenyewe kwenye gari na viatu vyake vya kanisa, mtu ambaye hakuwahi kushika usukani, akakanyaga pedali kwa nguvu za kupondea nafaka. Ngumu. Akakanyaga tena. Magurudumu yalikuwa bado yana joto la mlima, ukiyakaribia unalisikia usoni. Akashuka, akaenda kumshika mama yake mkono.

Tulimlaza Nyanya kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Baba aliteremka polepole mpaka mahali pa rundo la mchanga, ambapo sasa palikuwa na ukuta wa duka. Pedali ilikuwa juu, pale pale inapotakiwa kuwa. Baba akasimamisha gari kando.

"Mama," alisema, "wiki hii tumefanya nini tofauti? Fundi ni yule yule. Mafuta ni yale yale."

"Hatujafanya kitu," Mama akajibu, naye amechoka. "Hata gari hukuosha."

Baba akazima injini. Kisha akashuka, akafungua boneti, na nikateleza kutoka chini ya kichwa cha Nyanya nikamfuata. Kile kikopo kidogo cha mafuta ya breki kiko upande wa dereva, juu kabisa. Kifuniko chake cha asili kilikuwa kimepotea zamani sana, na Baba alikuwa amekitengenezea kingine kwa kukata kisigino cha slipasi kuukuu. Fundi alimwambia kikopo lazima kipumue, basi akakitoboa katikati kwa msumari. Raba ilikuwa imebonyea ikafanya kibakuli kidogo, na katikati ya kibakuli ndipo palipokuwa na tundu. Chochote ulichokimimina juu yake kingekaa pale kikingoja kuingia. Na Baba alikuwa akimimina ziwa zima kila Jumamosi.

Fundi alituelezea baadaye, naye alikuwa na haya kidogo maana kifuniko kile alikuwa akikifungua na kukifunga kila wiki. Maji kwenye mafuta ya breki hayana neno yakiwa baridi. Ukishuka mlima mrefu breki zinapata moto, maji yanachemka humo humo ndani, yanakuwa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unakubali kubonyea. Yakipoa yanarudi kuwa maji, pedali inakuwa ngumu, na fundi anakuambia huna shida. Muuzaji wa Kibuye alikuwa ametuambia ukweli, na jirani wa treni akadai kwamba na yeye alikuwa amesema hivyo hivyo.

Lakini pale kando ya barabara hatukuwa tumeelezwa lolote, ila Mama alikuwa ameshaelewa yaliyomtosha. Alitazama kile kipande cha slipasi, akamtazama Baba, akatazama kiti cha nyuma ambapo mama yake alikuwa amelala macho juu.

"Ulikuwa unaosha ili nani aone?" akamwuliza.

Baba akafunga boneti. Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja. Wiki zote zile, mguu wangu, kamba yangu, furushi la Nyanya mlangoni, yote yalikuwa heshima iliyopelekwa kwa mtu asiyeiona.

Nyanya alipasuliwa, na walipomfungua bandeji aliona. Aliniona mimi, akasema ni kweli nimekonda. Alipotoka nje, Baba alikuwa amesimama na tai yake kando ya gari, na kwa kuwa mfereji wa Kaloleni ulikuwa bado haujarudi, udongo wa Ahero ulikuwa juu ya gari vile vile. Nyanya alilizunguka lote polepole, huku ameshika nyonga.

"Wanasema ni ya kijani," akasema.

"Ni ya kijani, Mama," Baba akajibu, akitazama chini.

Nyanya akacheka mpaka Mama naye akacheka, na huo ndio mcheko niliokuwa nimeukosa nyumbani tangu mambo yale yaanze.

Nyanya hayupo tena, wala Mama. Jirani alirudi kwao akazikwa huko, na fundi sijui alikoishia. Pale tulipooshea magari siku hizi huingizi gari majini bila watu kukupigia kelele, na mtoto akiambiwa akanyage pedali wakati mtu yuko chini ya gari ataona unamtania. Nilipoitwa gerejini mwishowe, mashine ilikuwa imemaliza kazi. Nikakanyaga, ikawa ngumu. Nililipa, nikavaa viatu, nikaenda kwa Baba nikiwa bado nina kinyongo.

Asubuhi yake niliamka mapema kuliko nilivyohitaji. Nikajikuta nje na karai na kitambaa, nasugua gari. Nilisugua milango, nikasugua magurudumu, nikafikia sahani ya nambari, ndipo nikakumbuka kwamba ninayemwoshea haoni hata mkono wake mwenyewe. Nikajikasirikia. Nikamaliza hata hivyo.

Baba alitoka na koti lake na tai, ameshikwa mkono na msichana wa kazi. Alinyoosha kiganja mpaka kikagusa gari, akakipitisha juu ya bati lenye maji.

"Umeosha," akasema.

"Nimeosha, Baba."

"Boneti?"

"Sikufungua."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilimketisha mbele, nikamfunga mkanda, nikaingia upande wangu. Nilipotaka kuwasha gari aliweka mkono juu ya goti langu la kulia.

"Ngoja kwanza. Pampu," akasema.

Nikapampu.

"Shika."

"Nimeshika."

Akainamisha kichwa kusikiliza, mkono wake juu ya goti langu, na pedali ikabaki juu. Daktari alikuwa anatungoja na muda ulikuwa unakwenda. Sikuachia mpaka yeye mwenyewe aliposema, "Achilia."